Jani na Mwenziwe: Khabari za Chai Iliyopewa Harufu

Jani la chai lililokauka lina tabia moja ambayo wafanya biashara wa zamani waliihofu na mafundi wa zamani waliifurahia, nayo ni tabia ya kupokea harufu ya kila kilicho jirani yake. Likiwekwa karibu na papa mkavu litashika shombo, likiwekwa karibu na sabuni litanuka sabuni, na likilazwa usiku mmoja pamoja na maua ya asumini litaamka asubuhi likiwa na asumini ndani yake, hata baada ya maua yenyewe kuchekechwa na kutupwa. Kwa ajili ya tabia hiyo chai iliyopakiwa melini kwenda nchi za mbali ilitiwa katika makasha yaliyotandikwa risasi ndani, na kwa ajili ya tabia hiyo hiyo ikazaliwa sanaa ninayotaka kuisimulia hapa, yaani sanaa ya kulipa jani mwenzi. Sanaa hiyo imekuwa na wapinzani tangu siku zake za mwanzo, kwa kuwa walikuwapo siku zote watu wenye maarifa waliosema kwamba chai njema haihitaji mwenzi, na wengine, wenye maarifa kama hao, waliojibu kwamba mwenzi mwema humdhihirisha mwenziwe. Mimi naona ya kuwa historia yenyewe imekwisha kuikata daawa hii, na kwamba hukumu yake kila nyumba inaweza kuihakikisha kwa kuonja na kulinganisha.

Aliyeifungua daawa kwa maandishi alikuwa Lu Yu, mtu wa China wa karne ya 8, katika zama za ufalme wa Tang, ambaye kitabu chake kiitwacho Cha Jing ndicho cha kwanza kinachojulikana kuandikwa kwa ajili ya chai peke yake. Katika siku zake majani yalikuwa yakipikwa kwa mvuke, yakitwangwa na kushindiliwa kuwa mikate migumu, na mtu akitaka kunywa huubanika mkate wake motoni, akausaga kuwa unga, akautia katika maji yanayochemka. Na wengi walikuwa na dasturi ya kutia humo vitunguu, tangawizi, kunazi, maganda ya machungwa na nanaa, wakavichemsha vyote pamoja kwa muda mrefu. Lu Yu, ambaye yeye mwenyewe hakuona vibaya kutia chumvi kidogo, aliyafananisha maji hayo na maji ya mtaro, akasikitika kwamba dasturi hiyo haikomi. Sisi watu wa mwambao, tuliolelewa na tangawizi, hatuna haja ya kuikasirikia hukumu yake, kwa maana tukiitazama kwa insafu tutaona kwamba lawama hiyo yawaangukia hasa wale wanaochanganya mengi mpaka ulimi usiweze tena kusema kikombe kimebeba kitu gani.

Karne tatu baadaye, baina ya mwaka 1049 na 1053, Cai Xiang, mzaliwa wa Fujian na mtumishi mkubwa wa serikali ya Song, alimwandikia kaisari Renzong risala fupi juu ya chai, na ndani yake mna maneno machache yenye thamani kubwa kwa shauri letu. Alieleza kwamba chai ina harufu yake ya asili. Kwamba waliotengeneza chai ya kumpelekea kaisari walichanganya humo kafuri kidogo ili kuisaidia harufu. Na kwamba watu wa Jian'an wenyewe, ambako chai hiyo ililimwa, walipokuwa wakizijaribu chai zao hawakutia kitu cho chote, kwa kuhofu kuipokonya harufu yake ya kweli. Watu hao walikuwa na mashindano mashuhuri: unga wa chai ulitiwa katika bakuli nyeusi, ukamiminiwa maji ya moto na kupigwa mpaka ukatoa povu jeupe, na yule ambaye povu lake lilitangulia kuachana na ukingo wa bakuli, likaonyesha alama ya maji, ndiye aliyeshindwa. Basi tangu wakati huo ilikuwa imekwisha fahamika kwamba chai haijulikani kwa kunywewa peke yake, maana kikombe kilicho peke yake hakina wa kukishuhudia. Hujulikana ikiwekwa mbele ya chai nyingine, chini ya sharti moja kwa wote.

Wajapani waliichukua hikima hiyo wakaifanya mchezo. Katika karne ya 14 palikuwa na majlisi ambazo wageni waliketi wakapewa vikombe kumi vya chai za namna nne, na kila mmoja alitakiwa kusema ni kikombe kipi kilichotoka katika shamba lipi. Na kwa kuwa mali nyingi iliwekewa dau katika michezo hiyo, sheria iliyotolewa mwaka 1336 na utawala mpya wa Ashikaga Takauji iliikataza. Kamari iliharamishwa kwa haki, walakini namna ya kuonja iliyobaki nyuma yake ni fundisho jema: mtu asiyejua jina la kikombe alichoshika hana njia ila kuusikiliza ulimi wake.

Mpaka hapo chai ilikuwa mkate na unga. Aliyeyarudishia majani umbo lake alikuwa kaisari Hongwu, mwanzilishi wa ufalme wa Ming, mtu aliyezaliwa katika nyumba ya wakulima maskini, ambaye mwaka 1391 aliamuru kwamba chai ya kulipwa serikalini isishindiliwe tena kuwa mikate, kwa sababu kazi hiyo iliwataabisha raia, iletwe majani matupu. Amri hiyo iliyokusudiwa kuwapunguzia watu mzigo ilikuwa na matokeo makubwa katika kila buli ambalo limetiwa maji tangu siku ile, kwa kuwa majani yaliyo huru, yaliyoachana achana, hewa hupita kati yake, na ipitapo hewa hupita harufu. Mwana wa 17 wa kaisari huyo, Zhu Quan, ndiye aliyetuachia maelezo ya wazi ya kazi yenyewe: kikapu cha mianzi kilichobandikwa karatasi kinagawanywa sehemu mbili, chai ikawekwa juu na maua chini, kikafunikwa vizuri kikalala usiku, kisha maua yaliyochoka yakaondolewa na mapya yakatiwa, mpaka chai ikajaa harufu. Karne moja baada yake Gu Yuanqing aliongeza orodha ya maua yanayofaa, miongoni mwao asumini, waridi na ua la mchungwa, akaweka na kiasi: chai sehemu tatu kwa ua sehemu moja, kwa sababu ua likizidi huifunika chai, na likipungua harufu haitimii.

Katika kipimo hicho kidogo naona daawa ya kale imeanza kupata jawabu. Mtu anayepima sehemu tatu za jani kwa moja ya ua amekubali kwamba jani ndilo bwana wa kikombe, na kwamba ua limekuja kwa heshima ya mgeni mwalikwa. Amesalimika na lawama ya Lu Yu, na wala hakulazimika kuishi bila ya maua.

Kazi hii ilipata ukamilifu wake katika mji wa Fuzhou, huko huko Fujian, kwa ua la asumini, ambalo lilifika China zamani likitoka upande wa India. Katika karne ya 19 biashara ya chai ya asumini ya Fuzhou ilinawiri sana, nayo ilihitaji subira ambayo asiyeiona hawezi kuikisia kwa kunusa kikombe. Majani huchumwa majira ya kuchipua, yakakaushwa na kuwekwa yakingojea kiangazi, kwa sababu asumini bora huja na joto. Vitumba vyake huchumwa alasiri ya siku yenye jua, vikiwa vyeupe na vimejaa, bado vimefumba. Hupelekwa kiwandani, vikarundikwa na kutandazwa kwa zamu mpaka usiku vinapoanza kufumbua, kwa kuwa asumini haina akiba ya harufu iliyofichwa ndani yake, huitoa ikiwa hai na wakati wa kufumbua tu. Hapo ndipo huchanganywa na majani makavu, tabaka kwa tabaka. Rundo hupata joto kwa uhai wa maua, nao mafundi hulifungua lipoe, wakalikusanya tena. Na alfajiri maua, yaliyokwisha kutoa yote yaliyokuwa nayo, huchekechwa yakaondolewa. Majani yaliyokunywa harufu yamekunywa na unyevu pia, kwa hiyo hukaushwa motoni kwa uangalifu, yakapumzishwa siku kadhaa, ndipo yakaletewa maua mapya; na chai za daraja la juu hurudiwa hivyo mara saba na zaidi. Mwaka 1999 au mwaka 1899, kanuni ni ile ile: asumini njema haina haja ya kuonyesha petali nyingi katika mkebe, kwa sababu ua lake lilikwisha kufanya kazi na kuondoka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza utaratibu wa asumini na chai wa Fuzhou katika orodha yake ya urithi wa kilimo mwaka 2014, na mwaka 2022 UNESCO ikaziandika sanaa za jadi za kutengeneza chai za China katika urithi wa wanadamu wote.

Msomaji wa Unguja, Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa sana juu ya ua hili. Wanawake wa mwambao hununua vitumba vya asumini jioni, vikiwa vimefumba, wakavitunga au wakavitia katika kikuba pamoja na mrehani, kwa kuwa wanajua kwamba usiku ndipo vitakapofumbua. Na maarifa hayo ya wakati, ambayo huku yameitumikia nguo, nywele na kitanda cha arusi, ndiyo yale yale ambayo kule Fuzhou yameitumikia chai. Wavietnamu wa Hanoi nao wana kazi iliyo ndugu na hiyo, ya kuilaza chai pamoja na chembe nyeupe zenye harufu zilizo katikati ya ua la yungiyungi la Ziwa la Magharibi, ambazo kwa kilo moja ya chai huhitaji maua yapatayo elfu moja na zaidi. Jambo linaloeleza kwa nini chai hiyo hupewa mgeni wa hadhi wala haimwagwi hovyo.

Lakini kitu kiwezacho kumpamba mwema chaweza pia kumsitiri mwovu, na hapo ndipo khabari zetu zinapofika London. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 chai ilikuwa ghali huko kwa sababu ya ushuru, na ughali ulizaa udanganyifu: mwaka 1820 mkemia Friedrich Accum alitoa kitabu kilichofichua vyakula vilivyoghushiwa, akaonyesha namna majani ya vichaka vya miiba yalivyokaushwa na kutiwa rangi yakauzwa kwa jina la chai. Katika mazingira hayo mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya ndimu linalostawi Calabria katika kusini ya Italia, ambalo ganda lake likikamuliwa hutoa mafuta yenye harufu kali na safi, yaliingia katika chai kwa mlango wa nyuma. Katika mwaka 1824 bergamoti ilikuwa imekwisha kutajwa kuwa njia ya kuipa chai duni ladha njema, na mwaka 1837 wauzaji fulani walishitakiwa kwa kutoa chai iliyotiwa harufu hiyo kwa hila. Kisha, baada ya miaka mingi, chai hiyo hiyo ya bergamoti ikavishwa jina la Earl Grey, kiongozi wa serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 1830 hata 1834, ikasimuliwa kwamba alipewa siri yake na tajiri wa Kichina kwa shukurani. Hadithi tamu isiyokuwa na msingi, kwa kuwa Grey hakupata kukanyaga China, na Wachina hawakuwa na dasturi ya kutia bergamoti katika chai yao nyeusi.

Hata hivyo haifai kuihukumu bergamoti kwa makosa ya waliotangulia kuitumia. Wataalamu wa kemia wamegundua kwamba chembechembe iitwayo linaloli, ambayo ni miongoni mwa vitu vinavyolipa jani la chai harufu yake yenyewe, imo kwa wingi katika bergamoti na imo katika asumini pia. Basi harufu hizi zinapokutana na jani hukutana na jamaa zao. Chai njema nyeusi iliyopewa bergamoti kwa kiasi ni kinywaji cha heshima kweli kweli. Kosa la wale wafanya biashara lilikuwa kuchukua jani lisilokuwa na sauti na kulipa ua au tunda liseme kwa niaba yake.

Kwa sababu ya hofu ya kudanganywa, na kwa sababu ya ukubwa wa fedha zilizohusika, palitokea katika London watu ambao kazi yao ilikuwa kuonja. Mnada wa chai wa mji huo ulianza mwaka 1679 chini ya Kampuni ya India ya Mashariki, na haukufungwa mpaka tarehe 29 Juni 1998. Na waonjaji wake, ambao ofisi zao zilikuwa hasa katika mtaa wa Mincing Lane, walijiwekea taratibu ngumu. Vikombe vyeupe vya namna moja vilipangwa safu. Katika kila kikombe ilitiwa chai yenye uzito wa sarafu ya peni sita za Kiingereza za wakati huo, kasoro kidogo ya gramu tatu. Maji ya kuchemka yakamiminwa, kikafunikwa kwa dakika tano au sita, kisha maji yakachujiwa katika bakuli na majani yaliyoloweka yakageuzwa juu ya kifuniko. Mwonjaji alitazama mambo matatu, jani kavu, jani lililoloweka na maji yake. Akavuta kijiko kwa pumzi yenye kishindo ili harufu ipande puani, akatema, akasogea kikombe cha pili. Mwaka 1980 taratibu hizo ziliwekwa katika kipimo cha kimataifa: gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji, na dakika 6. Afrika ya Mashariki ilipata mnada wake Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na huko Mombasa, kila juma, maelfu ya mifuko ya chai za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na nchi nyingine huamuliwa bei zake baada ya kuonjwa kwa namna hiyo hiyo. Ndivyo mji ambao watu wake hunywa chai asubuhi na jioni ulivyokuwa mojawapo ya miji inayoonja chai nyingi kuliko mingine duniani, ingawa maarifa hayo yamekaa ndani ya ofisi za wafanya biashara, wala hayakuvuka barabara kuingia nyumbani.

Na nyumbani kwetu chai ilikuja na njia yake. Vyombo vya China vilitutangulia kwa karne nyingi, na bakuli za kauri zilizofukuliwa Gedi na Kilwa, au zilizopachikwa katika makaburi ya kale, ni mashahidi wa biashara hiyo. Lakini kinywaji cha baraza kilikuwa kahawa tungu, na tangawizi ilikuwa imekwisha kupata nafasi yake pembeni ya kahawa. Chai iliposhika, ilikuta nyumba zenye iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga jikoni, na mchaichai uani, nyumba ambazo zilikuwa zikipika kwa viungo hivyo kwa vizazi. Basi haikuwa ajabu kwamba nayo ilipokewa kama vyakula vingine. Hivyo ndivyo tulivyopata chai ya rangi, ambayo Mombasa huiita chai ya mkandaa, nyekundu kama damu ya mzee, yenye viungo na bila ya maziwa. Na chai ya maziwa iliyopikwa kwa iliki, ambayo huandamana na mahamri yaliyotiwa iliki vilevile, harufu moja ikamkuta mtu katika kikombe na katika sahani.

Upande wa pili wa bahari mambo kama hayo yalikuwa yakitendeka. Chama cha Chai cha India, kilichokuwa cha wenye mashamba, kilipoanza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwafundisha Wahindi kunywa chai kwa namna ya Kiingereza, kilisikitika kuona wauzaji wa njiani wakizidisha maziwa na sukari, wakatia tangawizi na iliki, na kupunguza majani. Wenye mashamba walihesabu majani yaliyopungua. Wanywaji walihesabu ladha iliyoongezeka. Na wanywaji ndio walioshinda.

Kwa upande wa kilimo, chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka hiyo hiyo Wajerumani walikuwa wakiijaribu Amani katika milima ya Usambara. Mashamba makubwa ya Kericho yakaanzishwa katika miaka ya 1920. Kisha ikaja mashine iliyotokea Assam katika miaka ya 1930, ambayo huliponda jani, hulirarua na kulikunja kuwa punje ndogo, nayo ikaenea Kenya mpaka karibu chai yote ya nchi hiyo ikawa ya punje. Punje hizo hukolea upesi, zina nguvu na rangi, na hustahimili maziwa. Ni chai halali na njema kwa kazi yake, na ndiyo iliyoifanya Kenya iwe ya kwanza duniani katika kupeleka chai nyeusi nchi za nje. Walakini majani yaliyosokotwa mazima, ambayo hufunguka polepole majini na kuonyesha umbo lake, yalikuwa adimu madukani kwetu, na pamoja nayo ikapotea nafasi ya kulijua jani lenyewe kabla ya kuliletea viungo. Sufuria ikachemka kwa nguvu, iliki ikapigana na punje, sukari ikaamua baina yao. Na ile lawama ya Lu Yu ikawa na kitu cha kushika.

Hapo ndipo ninapoona faida ya dasturi mpya ya baadhi ya watu, ya kununua majani mazima yenye harufu mbalimbali na kuyaonja nyumbani kwa kulinganisha. Dasturi hii haihitaji utajiri; yahitaji utaratibu, na utaratibu wenyewe tumekwisha kurithishwa na wote niliowataja. Mtu atwae chai tatu au nne, vikombe vya namna moja vyeupe ndani, maji ya birika moja, na gramu mbili kwa kila kikombe kidogo. Kama hana mizani ndogo, kijiko kidogo kilichosawazishwa kitamtosha, ila akumbuke kwamba majani mapana huchukua nafasi kubwa kwa uzito mdogo. Chumba kisifukizwe udi siku hiyo, wala asijipake manukato, kwa sababu pua ikishashughulishwa haina insafu tena. Chai nyepesi zitangulie, asumini mbele ya bergamoti, na zile za karafuu, mdalasini au moshi zingoje mwisho. Sukari na maziwa yakae mbali mpaka onjo la kwanza limalizike.

Lililo kubwa kuliko yote ni kuweka shahidi, yaani kikombe cha jani tupu lisilopewa harufu, na likiwa la asili ile ile ya chai inayojaribiwa ni bora zaidi: chai ya kijani mbele ya asumini, nyeusi mbele ya bergamoti au iliki. Mwonjaji anuse kwanza jani kavu, kisha jani lililoloweka, ndipo anywe. Ajiulize ukakasi umekaa wapi mdomoni, kama uchungu unapita au unabaki, kama kuna utamu unaokuja baada ya kumeza, na kama kikombe kimekolea au ni dufu. Kisha avifunike vikombe, aende katika shughuli zake, na arudi vikiwa vimepoa, kwa kuwa ubaridi ni hakimu asiyepokea rushwa: harufu iliyopakwa juu huwa imekwisha kuruka, na kilichobaki ni jani, likiwa na adabu yake au bila adabu. Ayamiminie majani yale yale maji mara ya pili. Asumini iliyolazwa na maua mara nyingi bado itasema, na ile iliyonyunyiziwa mafuta aghalabu itanyamaza.

Naye akitaka kuwa fundi pamoja na kuwa hakimu, mwambao umempa kila kitu. Katika milima ya Usambara Mashariki chai na iliki hukua katika nchi moja, mvua moja ikizinywesha zote mbili. Atwae majani ya chai, agawe mafungu matatu: la kwanza alichemshe sufuriani pamoja na iliki kama tulivyozoea; la pili alitengeneze katika buli na kuponda punje za iliki wakati huo huo, kwa kuwa iliki iliyosagwa mapema hupoteza nusu ya fadhila yake; la tatu alifungie katika mkebe pamoja na iliki iliyopasuliwa, alisahau juma zima, kisha alipike peke yake. Atapata chai tatu zenye tabia tatu kutokana na vitu viwili tu. Au anunue asumini isiyopigwa dawa, ailaze usiku pamoja na chai ya kijani kwa kipimo kile cha tatu kwa moja, aichekeche alfajiri kabla maua hayajachacha, na ayakaushe majani kwa moto mdogo sana. Nayo mikebe yake ya asumini na ya iliki isikae rafu moja bila kufungwa, maana jani halichagui wa kumsikiliza.

Mtu akifanya hivyo mara chache atafahamu, kwa ulimi wake mwenyewe, kwamba Lu Yu na mafundi wa Fuzhou hawakuwa na ugomvi mkubwa kama unavyoonekana katika maandishi. Wote walitaka jani lisikike. Harufu iliyopewa jani jema, kwa kiasi na kwa wakati wake, hulinyanyua; iliyopewa jani duni hulisitiri mpaka kikombe kipoe, wala haizidi hapo. Watu ambao bibi zao waliweza kuutambua udi mzuri kwa kunusa moshi wake, na kuijua iliki ya zamani kwa kuitazama ganda, wana pua na ndimi zinazotosha kabisa kwa hukumu hii. Kilichobaki ni kuitoa katika mikono ya mnada peke yake, kumwuliza muuza duka majani mazima ya milima yetu, kumlipa anayeyatengeneza kwa uaminifu bei inayomstahili, na kumkatalia yule anayetuuzia manukato kwa jina la chai.